Nani analala msituni Sedona?

Saa kumi na moja alfajiri, kando ya barabara ya vumbi namba 525 magharibi ya Sedona, Arizona, nilimkuta dada mmoja akipiga mswaki kwa maji ya chupa. Alikuwa ameegemea mlango wa gari dogo, vioo vyote vimezibwa kwa karatasi ya kung'aa ya kuzuia jua. Ndani, kwenye kishikio cha juu ya dirisha, ilining'inia sare ya hoteli iliyopigwa pasi vizuri. Tulisalimiana. Akasema zamu yake inaanza saa kumi na mbili, kisha akaomba radhi kwa kutuamsha, ingawa hakutuamsha.

Hatua chache kutoka pale lilikuwa hema letu, watoto wamelala. Sisi tulitoka Phoenix, mwendo wa saa mbili hivi, kuja kutazama nyota. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na vani ndefu nyeupe iliyogeuzwa nyumba, sahani ya intaneti juu ya paa, na kijana aliyefanya kazi zake za kompyuta humo humo. Makundi matatu juu ya ardhi moja, na sheria inayotuhesabia siku ni moja: zikifika 14, ondoka.

Msomaji wa nyumbani anahitaji maelezo kidogo hapa. Tanzania ukiingia hifadhi ya taifa unalala palipopangwa, iwe kambi ya umma au kambi maalumu, na unalipa kabla hujashusha begi. Magharibi ya Marekani mambo ni tofauti. Nje ya zile hifadhi mashuhuri kuna ardhi kubwa ya serikali kuu ambayo kwa desturi mtu yeyote anaruhusiwa kupiga kambi karibu popote, bure, bila kuomba kibali. Idara ya ardhi inayojulikana kwa kifupi BLM inasimamia ekari zipatazo milioni 245, na Idara ya Misitu ekari milioni 193. Ukizijumlisha unapata eneo linalokaribia mara mbili ya Tanzania nzima. Si lote linalalika, maana lina majabali, jangwa na malisho, lakini ruhusa ndiyo iliyokuwa kanuni na katazo ndilo lililokuwa jambo la nadra.

Sasa mambo yanageuka. Kuanzia Moab huko Utah hadi Crested Butte huko Colorado, na hapa Sedona penyewe, maeneo ambayo ulikuwa unachagua mwenyewe pa kulala yamewekewa vituo maalumu. Nje ya vituo hivyo, hairuhusiwi. Wapo wanaosema ni wizi wa uhuru wa mwananchi, wapo wanaosema hatua imechelewa mno.

Nianze na hao wa pili, kwa sababu ushahidi wao upo chini ya miguu. Asubuhi ile nilizunguka na binti yangu kuokota kuni. Chini ya mti wa junipa, ndugu wa mtarakwa wa milima ya Kenya, tulikuta karatasi za chooni zimekauka, upepo unazisogeza. Chini ya mti wa pili, vivyo hivyo. Kanuni ya kambi inajulikana: chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, uwe mbali na maji kwa mita 60, kisha fukia. Kwa watu kumi kwa mwezi, kanuni hiyo inatosha. Kwa magari mengi kila wikiendi, katika nchi kavu ambako kitu hakiozi upesi, hata waliofuata kanuni wanaishia kuchimba juu ya shimo la mwenzao.

Halafu kuna udongo wenyewe. Katika nyanda hizi kavu juu ya mchanga huota ngozi nyeusi yenye vinundu, imejengwa na viumbe wadogo sana, nayo ndiyo inayoshika ardhi isipeperuke na kuhifadhi unyevu wa mbegu. Tairi likipita mara moja, ngozi inavunjika, na kupona kwake huweza kuchukua miongo ya miaka. Mtu anayeegesha pembeni kidogo kumpisha mwenzake hana nia mbaya. Lakini baada yake anakuja mwingine, anaikuta alama ya tairi, anaamini hiyo ni njia.

Na moto. Takriban asilimia 85 ya moto wa nyikani Marekani husababishwa na binadamu. Si wote wapiga kambi, kwa maana wamo wachoma taka, nyaya za umeme na wenye nia mbaya, lakini makaa yaliyoachwa yakifuka ni sehemu ya hesabu hiyo. Sedona imezungukwa na msitu wa Coconino, na mwezi Juni, kabla mvua za msimu wa joto hazijafika, nyasi zinalia chini ya kiatu kama karatasi. Anayeishi pale haogopi bure.

Lililobadilika ni idadi ya watu. Zamani mahali pazuri ulielekezwa na rafiki, tena kwa kunong'onezwa. Leo unafungua simu, ramani inakuonyesha kila kona ya kulala bure, na picha na nguvu ya mtandao. Mwaka 2020 korona ilipofunga hoteli na ndege, watu wakamiminika nje, na wengine wakagundua kwamba kazi ya ofisini inafanyika hata jangwani. Hifadhi ya Arches, jirani na Moab, ilipokea watu wapatao milioni 1.8 mwaka 2021. Mwaka uliofuata ikaanza kuwataka wageni wajiandikishe saa ya kuingia. Anayekosa nafasi ya kulala ndani anamwagikia ardhi za BLM zinazoizunguka.

Kwa hiyo nikiulizwa kama vituo vyenye namba ni dhuluma, jibu langu ni hapana. Niliwahi kulala kwenye kituo cha namna hiyo, nguzo fupi ya rangi ya kahawia na duara moja la mawe ya moto, na kwa mara ya kwanza sikuamshwa usiku na taa za gari linalotafuta pa kuegesha. Shamba la bibi halidumu, hata kama bibi ana ekari milioni 193.

Lakini wanaopinga hawapigi kelele bure, na hoja yao yenye uzito kuliko zote husikika mara chache. Wengi huzungumzia uhuru, na mimi uhuru huo naupenda, ila naona unaweza kuvumilia nguzo yenye namba. Hoja nzito ni ile ya kusogezwa. Ukifunga bonde hili, magari hayarudi mjini, yanasogea kilomita kumi mbele, mahali ambako hakuna choo wala askari wa msitu, na udongo haujawahi kuguswa. Kufunga bila kufungua pengine ni kuutandaza uharibifu.

Na askari wa msitu wenyewe wako wapi? Februari 2025 iliripotiwa kwamba Idara ya Misitu imewaachisha kazi watumishi wapatao 3,400 waliokuwa katika kipindi cha majaribio, ingawa baadaye amri za kisheria ziliwarudisha baadhi yao. Miongoni mwa walioachishwa walikuwamo wanaosafisha vyoo, wanaotengeneza njia na wanaozima makaa ya watu. Kibao kisicho na mtu wa kukisimamia kinamzuia mwadilifu peke yake.

Kuna na hoja ya siasa. Juni 2025 Seneta Mike Lee wa Utah alitaka mamilioni ya ekari za ardhi hizi ziuzwe, akisema zitapatikana nyumba. Wawindaji, wavuvi, wapanda milima na wapiga kambi, wa vyama vyote viwili, walipinga kwa sauti moja, na kabla mwezi haujaisha akaliondoa pendekezo. Waliomshinda ni watu waliowahi kulala kwenye ardhi ile na kuamka wakiihesabu kuwa yao. Ukiwafungia nje kidogo kidogo, siku pendekezo litakaporudi utawatafuta.

Sasa nirudi kwa yule dada, kwa kuwa yeye ndiye anayekosekana katika mabishano haya yote. Sedona ina wakazi wasiofika 10,000 na wageni wanaohesabiwa kwa mamilioni kwa mwaka. Mwaka 2016 jimbo la Arizona lilipitisha sheria inayozuia miji kupiga marufuku nyumba za kupangishwa kwa siku chache, na nyumba nyingi ambazo zingempokea mpishi au mfagizi zikageuka malazi ya wageni. Kodi ikapaa. Anayetandika vitanda vya watalii hapati cha kwake mjini, basi analala msituni, na kila baada ya siku 14 anahama kama mtoro.

Mji ulijaribu jambo moja. Machi 2024 baraza la mji lilikubali kuwatengea wafanyakazi wanaolala ndani ya magari sehemu ya kuegesha usiku, magari 40 tu, mahali penye vyoo na usimamizi. Baadhi ya wakazi wakakusanya saini kupinga, suala likapelekwa kwa wapiga kura, na Novemba 2024 mpango ukakataliwa. Hofu ya waliokataa naielewa: kwamba wengi zaidi watafuata, na kwamba maegesho hayawezi kuitwa makazi. Hilo la mwisho ni kweli kabisa. Lakini baadhi yao huenda ni watu wale wale wanaotaka msitu usilaliwe. Mtu akinyimwa nyumba, akanyimwa maegesho, kisha akanyimwa msitu, na bado anatakiwa kazini saa kumi na mbili, huko ni kumwambia afanye muujiza.

Hali hiyo haipo Sedona tu. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu miji kuwaadhibu wanaolala nje hata pale ambapo vitanda katika malazi ya muda ya wasio na makazi havitoshi. Wanaofukuzwa mijini wanaishia msituni. Kusini ya Bend, Oregon, tarehe 1 Mei 2025 Idara ya Misitu ilifunga eneo kubwa ambako watu wengi walikuwa wakiishi, baadhi kwa miaka. Sababu ilikuwa ya maana, kwani walihitaji kupunguza miti na kuchoma vichaka kwa mpango ili moto mkubwa usije ukaufikia mji, na kazi hiyo haifanyiki katikati ya mahema. Jaji alikataa kuizuia. Nami nisingeizuia. Ila watu wale waliondoka na trela zao mbovu bila pa kwenda panapoeleweka, na hilo lilijulikana tangu mwanzo.

Njia ya kati ipo na ina umri. Karibu na Quartzsite, magharibi ya Arizona, BLM imetenga jangwa la kukaa muda mrefu tangu 1983. Kwa miaka mingi kibali cha msimu, kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili, kilikuwa dola 180, na pesa hiyo inachangia maji, choo na pa kutupa taka. Wastaafu wengi hupitisha baridi pale, na hakuna anayewaita wavamizi. Ardhi ile ni ngumu, imechaguliwa kwa kuwa inavumilia matairi, na mabonde mororo yanapumzika.

Ningependa kila amri ya kufunga eneo iandikwe pamoja na amri ya pili inayosema ni wapi panafunguliwa, pana vyoo vingapi na nani atavisafisha. Kwa Sedona ningeanza na zile nafasi 40. Asubuhi ile, dada yule alipomaliza alikunja taulo, akaokota kopo ambalo halikuwa lake, akalitia kwenye buti na kuwasha gari polepole ili vumbi lisitufikie.