Mpeni kwanza lugha, altare itamngoja

Mwaka wa kichungaji huku Italia huanza Septemba, na ndiyo miezi ambayo mapadre na masista vijana kutoka kwetu hutua Fiumicino na Malpensa, viwanja vya ndege vya Roma na Milano, sanduku moja kubwa na sweta nyembamba mkononi. Wapo wanaokwenda parokiani, wapo wanaokwenda kwenye nyumba za wazee au chekechea za shirika. Wiki mbili tatu hazijapita, tayari kijana kasimamishwa altareni anasoma Injili kwa Kiitaliano ambacho mwenyewe hakielewi. Naona ni kosa, na kosa si lake. Ni la waliomtuma na la waliompokea.

Kwetu mambo hayakuwa hivyo. Shirika la wamisionari la Consolata lilianzishwa Torino mwaka 1901 na Giuseppe Allamano, likafika Kenya 1902 na Iringa 1919. Wamisionari wale walikaa na wazee wakijaza madaftari maneno ya Kikuyu na Kihehe. Baadaye Musoma kukawa na kituo cha lugha cha Makoko, cha Wamaryknoll, wamisionari wa Kimarekani, ambako mgeni alikalishwa darasani miezi kadhaa ndipo apelekwe kigangoni. Hakuna katekista wa kwetu aliyeona ajabu kwamba padre mgeni hahubiri. Walisema anasoma, wakamvumilia. Leo njia imegeuka, tunaotuma ni sisi, na kile tulichowadai wageni wetu hatuwapi watoto wetu wenyewe.

Wakuu wa mashirika hujitetea kwamba Kiitaliano ni chepesi kwa Mswahili. Nusu yake ni kweli. Irabu ni zilezile tano, maneno mengi huishia na irabu, na gn ni ny ya nyumba: Signore unatamka "Sinyore". Ila wepesi huo ndio mtego wenyewe. Mswahili akiona ch anasoma ch ya chakula, kumbe huku chi na che ni "ki" na "ke", na ci na ce ndizo "chi" na "che". Chukua mstari wa kwanza wa Baba Yetu, "che sei nei cieli". Neno la kwanza ni "ke", la mwisho ni "cheli". Asiyefundishwa atayageuza yote mawili, na atayageuza kila siku, kwa sababu hakuna muumini atakayemsahihisha padre katikati ya misa.

Halafu mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiitaliano mara nyingi hufanya hivyohivyo, basi sikio linajiamini. Lakini popolo, anima, calice, vescovo na angelo hukazwa silabi ya kwanza. Hayo ni maneno ya misa, yanarudi kila siku. Konsonanti maradufu ni balaa zaidi, maana sisi hatunazo kwa namna hiyo. Sete ni kiu, sette ni saba. Ijumaa Kuu Yesu msalabani anasema "Ho sete", naona kiu. Ukikaza t, umemfanya aseme "nina saba". Anno ni mwaka. Ukimeza n moja, neno linakuwa la sehemu ya mwili isiyotajwa mbele za watu, na mwaka wa liturujia hutajwa kila mara. Anayetoka kwenye lugha ya mama inayochanganya r na l ajihadhari na mare na male: la kwanza ni bahari, la pili ni uovu, na sala ya Bwana inaishia kwenye "liberaci dal male".

Ninachodai si kikubwa. Miezi sita ya darasa, saa nne kila asubuhi, bila kazi nyingine ya kudumu. Perugia kuna Università per Stranieri, chuo kinachofundisha wageni lugha hii tangu 1921, na mapadre na masista wengi wamepitia pale. Kwa ngazi za lugha za Ulaya, zinazoanza A1 hadi C2, aongoze misa peke yake akifika kiwango cha B1, asikilize maungamo akifika B2, asipewe kabla. Bibi wa miaka 85 kule Bergamo au Napoli haungami kwa Kiitaliano cha darasani. Anachanganya lahaja ya kwao, ananong'ona, meno hayapo. Padre asiyemwelewa akamwondolea dhambi kwa kukisia hajamtendea haki mama huyo, hata kama sakramenti yenyewe ni halali.

Katika miezi hiyo asikae mbali na kanisa. Mwezi wa kwanza akae kwenye benchi na karatasi ya masomo, afuate kwa kidole. Baadaye asome Injili, akiwa ameirudia kwa sauti mbele ya msakristia tangu jana yake. Mahubiri ya mwanzo ayaandike, mtu ayasahihishe, yasizidi kurasa mbili. Papa Fransisko alisema Juni 2024 kwamba mahubiri yasipite dakika nane, na kwa anayeanza lugha huo ni muda mrefu wa kutosha. Na ajifunze kwa misale mpya, iliyokuwa ya lazima Italia nzima kuanzia Pasaka ya 2021. Vijitabu vya zamani vilivyobaki kwenye droo za sakristia bado vina, kwenye Baba Yetu, "non ci indurre in tentazione", usitutie katika kishawishi, ilhali sasa watu husali "non abbandonarci alla tentazione", usituache katika kishawishi. Akikariri cha zamani atapishana na kanisa zima.

Makaratasi, kwa upande wake, hayangoji lugha. Kwetu mgeni wa parokia anatambulishwa Jumapili, anapigiwa vigelegele, na kuanzia siku hiyo hana haja ya kitambulisho. Huku una siku 8 za kazi tangu kuingia nchini uwe umeomba permesso di soggiorno, hati ya kuishi. Unakwenda posta yenye dirisha la Sportello Amico, unapewa bahasha ya fomu bure. Jaza kwa wino mweusi na herufi kubwa. Tia nakala za pasi, viza na bima ya afya, pamoja na barua ya mkuu wa jumuiya yenu iliyoko Italia inayotaja kazi utakayofanya na kuthibitisha kwamba chakula na malazi viko juu yao. Barua hiyo lazima iwe na muhuri wa kuria ya jimbo, yaani ofisi ya askofu. Hapa ndipo wengi hukwama: barua ipo, muhuri hakuna, faili linalala Questura, yaani polisi, miezi na miezi. Stempu ya serikali, marca da bollo, ni yuro 16 na huuzwa tabaccheria, duka lenye bango la herufi T. Posta wanachukua yuro 30, kadi yenyewe ni 30.46, na mchango ni 40 kwa kibali kisichozidi mwaka. Jumla ni 116.46. Bahasha usiifunge, karani huikagua.

Utapewa risiti na tarehe ya miadi, uende na picha nne, uwekwe alama za vidole. Risiti itunze kama pasi. Ila ujue mipaka yake: viza ikishakwisha, haikuruhusu kupita nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kijana akifiwa nyumbani kabla kadi haijatoka, asikatiwe tiketi ya kupitia Amsterdam au Zurich kwa kuwa ni rahisi. Apite njia isiyogusa Schengen, kwa mfano Roma hadi Addis Ababa. Shirika linalokata tiketi bila kuuliza hili linamweka mtu wake kwenye hatari ya kuzuiwa uwanja wa ndege akiwa na msiba moyoni.

Jambo jingine dogo lenye usumbufu mrefu ni jina. Namba ya kodi, codice fiscale, ina herufi na tarakimu 16, na hutengenezwa kutokana na jina la ukoo, jina la kwanza, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kwa mwanamke tarehe huongezwa 40, hivyo sista aliyezaliwa tarehe 7 ataona 47, asishtuke. Kinachoharibu ni majina matatu ya kwetu yakiingizwa kinyume, au sista kutumia jina la utawa ambalo halimo kwenye pasi. Kosa la siku hiyo litamfuata benki, kwa daktari na kwenye laini ya simu. Akague herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani.

Kuhusu matibabu, padre aliyeteuliwa na kulipwa na mfuko wa kutegemeza mapadre huandikishwa kwenye huduma ya afya ya taifa bila ada. Wengine wakitaka kujiandikisha kwa hiari, tangu 2024 kiwango cha chini ni yuro 2,000 kwa mwaka. Mwaka huo ni wa kalenda, haugawanywi. Anayelipa Oktoba analipa zote na kinga yake inakwisha 31 Desemba. Kwa miezi ya mwisho wa mwaka bima binafsi ina nafuu zaidi.

Chakula sitakizungumzia sana. Tambi ni sahani ya kwanza tu, usishibe hapo. Ugali utaukumbuka: tafuta unga mweupe wa polenta, wanaula Veneto na Friuli, uchague ule uliosagwa laini, fioretto. Ule wa chenga hupikwa dakika 40 na zaidi na haushikamani. Baridi ni jambo zito kuliko chakula. Torino, Milano na Bologna vyombo vya kupasha nyumba joto huruhusiwa kuanzia 15 Oktoba, Roma 1 Novemba, tena kwa saa zilizopimwa. Wiki kabla ya hapo ndizo zinazoangusha watu na mafua.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo tofauti na kwetu inapouma. Kwetu watu humfuata padre. Jumuiya ndogo ndogo zinasali nyumba kwa nyumba, mgonjwa anajulikana na kila mtu, mlango uko wazi. Huku kanisa la Jumapili lina vichwa vyeupe, watoto wakishapata kipaimara wengi hawaonekani tena, na mzee anaishi ghorofa ya nne na badante, mama wa Kiukreni au wa Peru anayemtunza. Padre asipokwenda, hakuna atakayekuja. Ipo ziara ya kubariki nyumba, kwenye majimbo mengi karibu na Pasaka, Milano kabla ya Noeli. Tangazo hubandikwa mlangoni siku kadhaa kabla, lenye tarehe, saa na ngazi ya jengo. Kijana apewe kazi hiyo mapema, akiongozana na mwenyeji. Itamfundisha parokia kuliko vikao kumi.

Na mazishi. Kwetu msiba ni wa mtaa mzima: watu wanalala matanga, wanachanga, wanapika. Huku taarifa hubandikwa ukutani, jioni kuna rozari, kesho yake misa ya dakika 45, jeneza linaingia garini, watu wanashikana mikono nje ya kanisa na kutawanyika. Mjane anarudi kwenye nyumba tupu siku hiyohiyo. Naamini kabisa hapa ndipo Mwafrika ana kitu cha kutoa ambacho hakikufundishwa seminarini. Sisi tunajua kukaa na mfiwa bila kusema neno. Amtembelee siku ya tatu, amtembelee tena siku ya nane, kwa miadi ya simu. Hapo hata Kiitaliano chake kibovu kitatosha.

Masista nawasemea peke yao. Mwaka 2018 jarida la wanawake la L'Osservatore Romano, gazeti la Vatikani, lilieleza wazi jinsi masista wanavyotumikishwa kama wafanyakazi wa ndani, wapike na kufua bila mkataba. Mkuu wa shirika asimtume binti kabla makubaliano hayajaandikwa: kazi gani, saa ngapi, likizo lini, masomo ya lugha siku zipi, nani analipa bima. Kama masomo hayamo kwenye karatasi, hayatakuwepo.

Familia nazo ziambiwe mapema. Jina "Italia" likisikika, nyumbani huanza kuhesabu yuro, ada za wadogo na mabati ya nyumba. Mwenye nadhiri ya ufukara anapewa fedha kidogo za matumizi, nauli na vocha. Paroko wa kwao alieleze hilo kwa wazazi kabla ya misa ya kumuaga, ili kijana asishinde anazima simu.

Na siku ya kwanza atakapopelekwa kwa wagonjwa: vitufe vya mlango wa chini vina majina ya ukoo, havina namba za vyumba. Abonyeze mara moja, angoje, mzee hutembea polepole. Ajitaje, aseme ametoka parokiani, aulize ghorofa ya ngapi, akijua kwamba ya chini haihesabiwi. Juu atakuta mlango umeachwa wazi kidogo. Asiusukume. Asimame kizingitini aseme "Permesso?", neno lilelile la hati ya polisi, ambalo hapa ni hodi. Angoje hadi ndani waitikie "Avanti".