Watoto wanahitaji mechi kabla ya akademi
Kwamba Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya soka, itaimarika tukijenga akademi nyingi, nakubali nusu tu. Nafundisha watoto wa chini ya miaka 13 hapa Uyole, Mbeya. Jumamosi iliyopita winga wangu alivua njumu wakati wa mapumziko akampa mwenzake, akamalizia mechi peku. Hilo linaumiza, lakini wanachokosa zaidi ni mechi zenyewe. Mtoto anang'ara UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, michezo ikiisha anarudi kwenye chandimu, soka la mtaani, mpaka mwaka unaofuata. Akademi ya Dar es Salaam itamwona wapi huyo, na atakomaa lini bila ushindani wa kila wiki? Ndugu zangu wa Iringa na Njombe, kwenu kuna wilaya yenye ligi ya watoto inayochezwa mwaka mzima?