Ukishuka Kew, Usiwe na Haraka ya Kuvuka Reli

"Ulipe zaidi ya pauni 20 uende kuangalia migomba?" Kila kiangazi watu wetu wanapomiminika London kuwatembelea ndugu, kejeli hii juu ya Kew Gardens, ile bustani kubwa ya mimea, hurudi. Anayeitoa kwa kawaida kakaa zake kwenye sofa, anapitisha picha za wenzake kwenye simu: huyu mbele ya jumba la vioo, yule kaegemea mnazi, mwingine kasimama mbali na Pagoda, ule mnara wa mtindo wa Kichina, ili aonekane kama ameibeba kiganjani. Waliokwenda hujibu kwa kurusha picha zaidi, na mjadala unaishia hapo, migomba upande mmoja, selfi upande wa pili. Sijui ni kundi gani linaudhi zaidi.

Tuanze na migomba basi, tuimalize. Ipo. Iko ndani ya Palm House, lile jumba la chuma na vioo lililojengwa kati ya 1844 na 1848, pamoja na kakao, kahawa na michikichi. Kama unachotaka ni kuona mgomba, baki nyumbani. Bei nayo, nakubali shingo upande, inauma kwa familia ya watu watano. Ukinunua tiketi mtandaoni kabla ya siku utaokoa kidogo, miezi ya baridi bei hushuka, na anayepokea Universal Credit, ile posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, huingia kwa pauni 1, jambo ambalo wengi wa ndugu zetu wanaostahili hawalijui na hakuna anayewaambia.

Ila anayesema "ni miti tu" hajauliza hiyo miti ilifikaje pale. Ingia Palm House kwa upande wa kusini, ambao ndio wa Afrika (katikati ni Amerika, kaskazini ni Asia na Pasifiki). Hapo kuna saikadi moja (mmea wa kale unaofanana na mchikichi), *Encephalartos altensteinii*, iliyotolewa Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, na Francis Masson, mkusanyaji mimea wa Kew, ikafika Kew mwaka 1775. Shina lake linazidi mita 4, limelala upande na kushikiliwa na nguzo, na majani yamejikusanya kileleni. Inatajwa kuwa mmea wa chunguni wenye umri mkubwa kuliko yote duniani. Watu huipita wakikimbilia ngazi ya chuma ya kuzunguka, kwa sababu ngazi ndiyo inayotoka vizuri kwenye picha.

Kisha nenda Temperate House, jumba jingine la vioo, lililofunguliwa tena 2018 baada ya ukarabati wa miaka mitano, ukaulize ilipo saikadi nyingine, *Encephalartos woodii*. Mwaka 1895 mtaalamu wa mimea John Medley Wood aliikuta kwenye msitu wa oNgoye, Natal, kishada kimoja tu, na ni dume. Jike halijapatikana hadi leo. Kila *woodii* iliyopo duniani ni chipukizi la dume hilohilo, na la Kew lilifika 1899. Ukisimama mbele yake unaangalia aina nzima ya mmea isiyo na mke wala mtoto, na kibao chake ni kidogo kiasi kwamba ukiwa unapiga gumzo hutakiona.

Ushauri wa haraka kwa wenye kamera na miwani: anza na Temperate House, Palm House iwe baadaye. Mvuke wa Palm House hufunika kioo cha lenzi sekunde ileile unapoingia kutoka kwenye baridi, na ukikifuta kwa shati unakichafua tu. Iache kamera ndani ya mkoba kama dakika 10 ipate joto polepole. Koti livue mlangoni. Na kabla hujasafiri angalia tovuti yao, kwa kuwa kuna mpango wa kuifunga Palm House kwa ukarabati mkubwa.

Tusidanganyane pia kwamba bustani ile iliwekwa kwa ajili ya matembezi ya Jumapili. Mwaka 1876 Henry Wickham alileta Kew takriban mbegu 70,000 za mpira kutoka Brazili. Zilizoota hazikuzidi sana 2,700, miche ikapelekwa Ceylon na Singapore, na biashara ya mpira ya dunia ikahama bara. Mkonge wetu nao una mguu pale: Richard Hindorf, Mjerumani, alisoma habari zake kwenye jarida la Kew, akaagiza miche 1,000 kutoka Florida, na mwaka 1893 ikafika Tanga 62 tu ikiwa hai. Mashamba yote ya Tanga, Korogwe na Muheza, pamoja na waliovunjika migongo humo, yalianzia kwenye miche hiyo 62. Hiyo ndiyo miti tu.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa.

Treni ya District kutoka katikati ya London hufika stesheni ya Kew Gardens upande wa mashariki wa reli. Bustani iko magharibi. Kwa hiyo kila anayeshuka huvuka, kwa daraja au kwa njia ya chini, anatokea kwenye maduka na mikahawa, anafuata Lichfield Road, na baada ya mita 500 hivi yuko Victoria Gate. Umati wote unavuka. Wasichojua wengi wa wenzetu ni kwamba upande uleule waliposhukia, bila kuvuka chochote, ukitembea kama dakika 10 kupitia Ruskin Avenue utafika kwenye jengo kubwa la zege lenye bwawa la bata mbele yake. Hiyo ni The National Archives, Nyaraka za Taifa za Uingereza. Kuingia ni bure. Na ndani yake kuna barua, ripoti, ramani, malalamiko na siri za watu waliotutawala, za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kwa maelfu ya majalada.

Mtu anatoka Nairobi au Dar, anakaa kwenye ndege kwa saa nane na zaidi, anafika mpaka Kew, anaangalia waridi, anarudi. Ni kama kwenda msibani ukala pilau ukaondoka bila kumpa mfiwa pole.

Nasema hivi kwa sababu tunajua thamani ya makaratasi yale. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza, ndipo ilipolazimika kukiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa imeficha kwenye kituo chake cha Hanslope Park majalada yaliyosombwa kutoka makoloni wakati wa uhuru. Katika vuguvugu la kesi ile ilisambaa barua ya 1957 ya Eric Griffith-Jones, Mwanasheria Mkuu wa Kenya ya kikoloni, kwa Gavana Baring, akishauri kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Juni 2013 serikali ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Majalada yale yalianza kuletwa Kew mwaka 2012, na namba ya fungu lake ni FCO 141. Yako mezani kwa yeyote mwenye kadi. Profesa wa Oxford anayaona, na wewe mjukuu wa aliyefungwa kwenye kambi ya Manyani au Hola unayaona vilevile, ila yeye anakwenda na wewe huendi.

Kadi ya msomaji hupewa aliyetimiza miaka 16, na hudumu miaka 3. Jisajili kwanza mtandaoni, umalize na yale maelezo mafupi ya jinsi ya kushika nyaraka, kisha ukifika pale wanakagua vitambulisho na kukupiga picha. Wanataka vitu viwili: cha jina, na pasipoti inatosha, na cha anwani, mfano taarifa ya benki ya karibuni. Hapa ndipo wageni wetu hukwama. Pasipoti haina anwani, na bili ya nyumba imeandikwa jina la shemeji uliyefikia kwake. Chapisha taarifa ya benki yako ya nyumbani, yenye anwani, kabla hujapanda ndege. Usitegemee picha kwenye simu.

Agiza majalada siku kadhaa kabla kupitia katalogi yao iitwayo Discovery, ili uyakute yakikungoja. Ukiagiza papo hapo utakaa kungoja, na siku ni fupi. Mkoba, koti, kalamu ya wino, chupa ya maji, hata kifutio, vyote vinabaki kwenye kabati za chini. Unapanda na mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani: penseli, daftari, simu, chaja. Kupiga picha kwa simu yako ni bure, bila mwanga wa flashi. Glavu huhitaji kwa karatasi nyingi, mikono safi na mikavu inatosha. Jalada nene huwekwa juu ya sponji, na kurasa hushikiliwa kwa kamba zenye uzito, usizikandamize kwa kiwiko.

Kosa la kwanza ni kuagiza fungu lisilolingana na mwaka. Kenya iko CO 533 (CO ni Colonial Office, Wizara ya Makoloni), lakini kuanzia 1905 tu, kwa maana kabla ya hapo ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, yaani FO, Foreign Office. Anayetafuta habari za 1902 ndani ya CO 533 atapoteza siku nzima, mahali pake ni FO 2. Uganda ni CO 536. Zanzibar ni CO 618 kuanzia 1913, na nyuma ya hapo ni FO 107 na FO 84, ambayo ndiyo mawasiliano ya biashara ya utumwa. Tanganyika ni CO 691 kuanzia 1916. Ukitaka ya Wajerumani umekosea mji, hayo yako Berlin na mengine yako palepale Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, ambako pia hatuendi. Ukifika miaka ya hamsini, zote hizo huingia CO 822. Operesheni za kijeshi wakati wa hali ya hatari ya Kenya, enzi za Mau Mau, ziko WO 276 (WO ni War Office, Wizara ya Vita).

La pili ni kutafuta jina la babu. Usianze na jina. Katalogi mara nyingi imeandika mwezi na mwaka tu kwa kitabu chenye mamia ya kurasa, na makarani walikuwa wakiandika majina yetu kila mmoja kwa sikio lake. Tafuta wilaya, mwaka na tukio: njaa, kesi ya ardhi, mgomo bandarini. Jaribu na tahajia za wakati huo, Masai, Mombassa, na uwatafute Wamijikenda kwa jina la Wanyika, hata kama linakukera. Kwenye shajara za vita za WO 95, wapagazi wa Vita vya Kwanza mara nyingi utawakuta kama hesabu, wangapi wameletwa, wangapi wamekufa, bila jina hata moja. Ujiandae kwa hilo.

La tatu ni picha 400 kwenye simu usizojua zimetoka wapi. Piga kwanza jalada lenyewe pamoja na namba yake, kisha kurasa, na kila ukibadilisha jalada anza hivyohivyo. Usipofanya hivyo, ukifika nyumbani una rundo la karatasi za wakoloni lisilo na kichwa wala miguu, na huwezi kulitaja popote.

Nitaambiwa ni mahali pa wasomi, Kiingereza chake ni cha mwandiko wa karani wa 1908, watoto watachoka. Sawa, watoto watachoka. Wapeleke bustanini na mzazi mmoja, kuna uwanja wao wa michezo. Wewe omba saa tatu tu. Mwandiko wenyewe ukishasoma kurasa kumi jicho linauzoea, na nyaraka nyingi za baada ya Vita vya Kwanza zimepigwa taipu.

Mkusanyo wa mimea mikavu uliopo Kew Green, karibu na Elizabeth Gate, una vielelezo zaidi ya milioni 7 na hauko wazi kwa matembezi. Picha zake ziko mtandaoni. Humo ndimo zilimofanyiwa kazi juzuu za mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, zilizotolewa kuanzia 1952 hadi 2012, zikiwa na aina zaidi ya 12,000. Mtaalamu wetu wa Amani, kule milima ya Usambara, aliyetaka kuhakiki mmea wa mlimani kwao alilazimika kuomba viza.

Na mto? Mto ni mzuri. Njia ya kando ya Thames kutoka Kew Bridge hadi Richmond ni kama kilomita 5, miti imefunga juu, Syon House iko ng'ambo. Maji hapo hujaa na kupwa, na siku za bamvua hupanda mpaka njiani, kwa hiyo angalia jedwali la maji kabla hujavaa viatu vyeupe. Ukishaipita Brentford Gate hakuna tena mlango wa kuingilia bustanini, usije ukatembea ukitarajia upenyo. Ndege za Heathrow zitakupitia kichwani dakika chache kwa dakika chache, huko ndiko kuitwa kitongoji tulivu.

Siku nzuri ni Jumanne au Alhamisi, nyaraka zikiwa wazi kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 1 usiku. Jumatano, Ijumaa na Jumamosi hufungwa saa 11 jioni, na Jumapili na Jumatatu hazifunguliwi kabisa. Kiangazi anza na majalada asubuhi, bustani iwe mchana, maana jua linachelewa kuzama. Miezi ya baridi geuza, bustani kwanza, kwani nyumba za vioo hufungwa mapema. Panda treni iliyoandikwa Richmond. Ikiwa imeandikwa Ealing Broadway, shuka Turnham Green ubadilishe, na ikiwa imeandikwa Wimbledon, usipitwe na Earl's Court.