Mkuyati, sindano na mlango wa ndani

Pale sokoni Mwanga, hapa Kigoma, kuna jamaa mwenye kipaza sauti na meza ya vichupa. "Baba, rudisha heshima ya ndoa!" Mkuyati mbele, unga wa mizizi pembeni. Yeye hanisumbui sana. Kinachonikera ni hili neno "nguvu za kiume" lilivyomeza kila kitu. Mtu akikosa mtoto anatafutiwa dawa ya kusimama, kumbe kusimama anasimama vizuri tu, mbegu ndizo hazitengenezwi.

Mbegu hutengenezwa kwenye vijifereji vyembamba vilivyojikunja ndani ya korodani. Walezi wake ni seli za Sertoli, zilizopewa jina la Enrico Sertoli, Mwitaliano aliyezieleza mwaka 1865. Zimeshikana ubavu kwa ubavu kwa vishikizo vya protini, zikakigawa kifereji vyumba viwili: cha nje, karibu na damu, na cha ndani, ambako mbegu hukomaa kwa kujificha. Zinamkimbia nani? Zinawakwepa askari wa mwili, yaani seli za kinga. Mbegu huanza kutengenezwa mtu akibalehe, na askari hao walishajifunza zamani nani ni wa nyumbani. Wakiziona, watadhani ni wavamizi.

Tatizo ni kwamba mbegu changa huanzia chumba cha nje na lazima ihamie ndani. Itapitaje bila mlango kubaki wazi?

Msimu uliopita wa mvua fundi alikuja kunibadilishia bati bovu. Hakuling'oa kwanza. Alisukuma jipya chini ya la zamani, akapiga misumari miwili, ndipo akalivuta bovu. Seli za Sertoli zinafanya vivyo hivyo: ukuta mpya unajengwa nyuma ya mbegu, kisha wa mbele unafumuliwa. Kwa muda mfupi mbegu inakaa katikati ya kuta mbili.

Amri zinatoka kwenye ujumbe wa kikemikali, na mengi tunayoyajua yametoka kwa panya wa maabara. Testosteroni, homoni ya kiume, inahimiza kujenga na kukaza. Protini kama TGF-beta 3 na TNF-alfa zinalegeza, vishikizo vikamezwa ndani ya seli. Kazi yote ni kupokezana kwa wakati.

Ndiyo maana nawaka nikiona vijana wa gym wanajichoma testosteroni. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, unaacha kuituma korodani kazi. Testosteroni ya mle ndani, ambayo kwa kawaida inazidi ya kwenye damu mara nyingi sana, inashuka. Misuli inatuna, mbegu zinapungua, hata kwisha kabisa. Na bado atakayepelekwa kupimwa kwanza ni mke.

Wiki iliyopita nilimuuliza yule jamaa wa sokoni kama ana dawa ya mbegu. Akanisogezea kile kile kichupa cha mkuyati.

"Ni hii hii, bosi wangu. Inafanya yote."