Tatuu za mabaharia miaka ya 40 na 50: ule mstari mnene haukuwa uzembe

Kila ikija mada ya tatuu za zamani za Marekani, zile nanga, mbayuwayu, waridi, moyo wenye utepe wa jina la mama, hakosekani mtu wa kusema wale wachoraji hawakujua kuchora. Walikuwa wananakili picha zilezile zilizobandikwa ukutani dukani, mistari minene, rangi chache, halafu wachafu, ndo maana jiji la New York likawapiga marufuku mwaka 1961. Kwenye uchafu kuna ukweli, tena mkubwa tu, nitafika huko. Ila hili la kutojua kuchora, wale wazee wanaonewa sana.

Ngozi inaishi. Wino ukishaingia unashikwa na seli za kinga, hizo zikifa nyingine zinaupokea, na miaka ikienda mstari unatanuka wenyewe hata kama fundi alikuwa hodari vipi. Sasa chora vistari vyembamba vilivyobanana, subiri miaka ishirini, utabaki na baka. Wale wazee walilijua hilo kwa kuona wateja wao wakirudi na mikono iliyozeeka, wakatengeneza kanuni ambayo mpaka leo mafundi wanaitaja: theluthi nyeusi, theluthi rangi, theluthi ngozi tupu. Nyeusi ni kaboni, haipauki kirahisi, kwa hiyo njano ikififia na nyekundu ikififia bado ule weusi unashikilia picha. Mzee wa miaka sabini mwenye mbayuwayu kifuani, ukimwangalia unajua yule ni ndege. Hiyo siyo bahati, ilipangwa. Na wapo waliokuwa wameshaona thamani yake mapema, maana karatasi za michoro za Cap Coleman, fundi wa Norfolk, Virginia, mji wa jeshi la maji, zilinunuliwa na makumbusho ya mabaharia kule Newport News mwaka 1936.

Halafu angalia kazi yenyewe ilivyokuwa inafanyika. Mchoro unachongwa kwa ncha kwenye kipande cha plastiki ngumu, vile vifereji vinajazwa unga wa mkaa, mteja anapakwa mafuta ya mgando, plastiki inagandamizwa, ikitoka imeacha mistari ya mkaa kwenye ngozi. Shida ni kwamba ukifuta damu na wino umefuta na mkaa. Kwa hiyo fundi anaanzia chini akipanda juu, asifute sehemu ambayo hajaifikia, na mkono uende haraka bila kurudia. Mistari mingi midogomidogo ingepotea kabla hajaikuta, kwa hiyo picha lazima iwe na mistari michache, kila mmoja una kazi yake. Kupunguza mchoro hadi hapo na bado tai akaonekana ana hasira, mimi naona huo ni uchoraji kabisa.

Na wateja walikuwa nani? Mtaa wa Hotel pale Honolulu, Hawaii, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mabaharia wana ruhusa ya masaa machache, foleni, kila mtu anataka chake kabla hajapanda meli. Hakuna muda wa kukaa kujadili, unanyoosha kidole ukutani. Na zile picha zilikuwa na maana zao: nguruwe na jogoo kwenye miguu kinga ya kuzama, merikebu yenye tanga zote kwa aliyezunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini. Kunakiliana kulikuwepo, bila ruhusa, na baadhi ya zile picha za wanawake wa Hawaii na Asia zilikuwa za dharau, siwezi kuzitetea. Ila fundi Norman Collins, yule wanayemwita Sailor Jerry, akiwa hapohapo Honolulu alikuja kuandikiana barua na Kazuo Oguri, fundi wa Gifu, Japani, ajifunze namna Wajapani wanavyopanga mwili mzima. Mtu asiyejua kuchora na asiyejali hafanyi hivyo.

Sasa uchafu. Vibanda vingi vilikuwa na ndoo moja na sponji moja, anafutwa huyu, inasuuzwa, anafutwa anayefuata. Ile haraka iliyotupa mstari safi ndo hiyohiyo iliyoleta sponji ya wote, huwezi kuisifia upande mmoja tu. Homa ya ini aina B inaambukiza kwa damu, hata iliyokauka, na mwaka 1961 kirusi chake kilikuwa hakijatambuliwa wala kipimo cha damu hakikuwepo, kwa hiyo maofisa wa afya wa New York kuogopa walikuwa na haki.

Kinachonikwaza ni kilichofuata. Wachoraji walienda mahakamani, na mwaka 1964 majaji wa rufaa walipokubali marufuku hawakuishia kwenye ugonjwa, wakaandika kwamba kupamba mwili kwa tatuu ni masalia ya ushenzi, mara nyingi yanaendana na watu wasio sawa kiakili. Hiyo inahusiana vipi na sindano chafu? Daktari wa meno anagusa damu, kinyozi anakukata na wembe, hao waliwekewa masharti ya usafi wakaendelea na kazi. Na mfano wa tatuu safi ulikuwepo, Collins huyohuyo alikuwa anaua vijidudu kwa mashine ya mvuke na kubadilisha sindano kila mteja. Badala ya kuwalazimisha wengine wamuige, Norfolk ilishapiga marufuku tatuu tangu 1950, jimbo la Massachusetts likafuata 1962, Oklahoma 1963. Watu wakaendelea kuchorwa vyumbani kwa siri, mahali ambapo hakuna mkaguzi atakayekuja kuuliza sponji imetumika kwa wangapi.

New York ilikuja kuondoa marufuku mwaka 1997. Ilichoweka badala yake ni kozi ya kuzuia maambukizi na leseni, na hakuna kitu kwenye hivyo viwili ambacho kisingewezekana 1961.