Tope la mafunjo na dagaa wa kuku

Hapa Mwanza ukitaja kutafuta bakteria wa kuzalisha protini, watu wanacheka: nani atakula vijidudu? Hakuna aliyeombwa avile. Wa kulishwa ni kuku, na sato wa kwenye vizimba, ambao leo tunawapa dagaa.

Wengine husema kuku anapewa dagaa wabovu tu, wale walioanikwa mchangani wakanyeshewa. Ni kweli, viroba vyao utaviona sokoni Mwaloni Kirumba. Lakini mvua ikikatika kuku hawafungi, na msaga chakula cha mifugo ananunua hata dagaa ambaye angeingia sufuriani.

Bakteria anayetajwa zaidi, Methylococcus capsulatus, alipatikana kwenye chemchemi za maji moto za Bath, Uingereza. Anakula gesi ya methani, na akikaushwa karibu asilimia 70 ya uzito wake ni protini. Wengi huishia kwenye hiyo 70. Mimi naiangalia 45, nyuzi joto anazostawi. Bakteria wakila methani hutoa joto jingi, na tangi la kuwafugia lisipopozwa wanakufa. Wa nyuzi 45 unampoza kwa maji ya ziwa, yenye nyuzi 25 hivi. Anayetaka 30 atadai mtambo wa baridi, na bili ya umeme itakufilisi kabla hujauza kilo moja.

Ndiyo maana natamani tope letu lipimwe. Chomeka fito penye mafunjo, viputo vinapanda: mna methani humo. Walaji wake wanaishi pale tope linapogusa maji yenye hewa. Kijiko kimoja kitiwe kwenye chupa yenye maji yaliyotiwa chumvi za madini, methani na hewa, joto lipandishwe taratibu kuelekea nyuzi 45. Wengi watakufa, waliobaki wahamishiwe chupa mpya, tena na tena, hadi abaki anayezaliana upesi kwenye joto hilo. (Ule ukijani unaotanda ghubani usichotwe ukalishwa kuku kwa kudhani ni spirulina, ule ukijani wa majini unaoliwa. Mara nyingi ni Microcystis, na huwa na sumu.)

Hoja nzito ya wapinzani ni gharama. Kampuni ya ICI ilijenga kiwanda kikubwa cha protini ya bakteria Billingham, Uingereza, kikashindwa miaka ya 1980 kwa sababu soya ilikuwa rahisi zaidi. Gesi yetu asilia, ambayo ndiyo methani ya kulisha kiwanda, nayo iko Songo Songo na Mnazi Bay, huko pwani ya kusini, mbali na huku. Kwa hiyo kiwanda kisubiri. Chupa hazigharimu hivyo.

Mama anayeanika dagaa Kirumba anauliza nani atanunua viroba vyake vya dagaa wa mchangani, kuku wakilishwa bakteria. Ana haki ya kuuliza. Ajengewe chanja kwanza, dagaa wake wakauke safi, wauzwe kwa bei ya jikoni.