Kabla ya kusakinisha pip, jua Python yako ni ipi

Miongozo mingi ya kusakinisha pip, programu inayopakua na kusakinisha vifurushi vya Python (misimbo iliyotengenezwa na wengine), ina hatua mbili tu: pakua faili la `get-pip.py`, kisha liendeshe kwa `sudo`, yaani kwa mamlaka ya msimamizi. Ukizifuata kwenye Debian au Ubuntu ya leo utakutana na ujumbe wa kosa. Ukizifuata kwenye toleo la zamani zitakubali bila kelele, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu uharibifu wake hujitokeza wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka amri ile. Msimamo wangu ni kwamba karibu hakuna mtu anayehitaji kusakinisha pip. Anachohitaji ni kujua anatumia Python ipi, kisha azungumze na pip ya Python hiyo hiyo.

pip yenyewe ni programu iliyoandikwa kwa Python, na makazi yake ni folda ya `site-packages` ya Python fulani. Ian Bicking aliitoa mwaka 2008, na kwa miaka kadhaa mtu alilazimika kuitafuta mwenyewe. Tangu Python 3.4, iliyotoka 2014, pip huja pamoja na Python kupitia moduli ya `ensurepip`, ambayo ina nakala ya pip ndani yake na haihitaji hata intaneti. Kwa hiyo kompyuta yenye Python tatu inaweza kuwa na pip tatu, kila moja ikipeleka vifurushi nyumbani kwake. Ukiandika `pip install requests`, ukaambiwa kazi imekamilika, halafu programu yako ikalalamika `ModuleNotFoundError: No module named 'requests'`, mara nyingi kifurushi kipo. Kimeshushwa kwa jirani.

Ndiyo maana sipendi kuona amri ya `pip` ikiandikwa peke yake kwenye mwongozo wowote. Andika hivi:

`python3 -m pip install requests`

Hapo umeitaja Python kwanza, na pip itakayoendeshwa ni ya Python hiyo, si ile iliyotangulia kwa bahati kwenye PATH, orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta amri. Kabla ya kusakinisha chochote, endesha `python3 -m pip --version`. Jibu lake lina mambo matatu: toleo la pip, folda inamokaa, na toleo la Python inayoihudumia. Soma ile folda. Ukiona `/usr/lib/python3/dist-packages`, hiyo ni pip ya mfumo endeshi. Ukiona `.venv`, uko ndani ya mazingira pepe ya mradi wako, yaani folda yenye Python na vifurushi vya mradi huo pekee. Mstari huo mmoja humaliza maswali mengi ambayo watu huyahangaikia siku nzima.

Windows

Kwenye Windows 10 na 11, ukiandika `python` wakati huna Python, mfumo hukufungulia Microsoft Store. Wengi hudhani Python ipo ila imeharibika. Hapana: kilichopo ni kijifaili kidogo cha kukuelekeza dukani, na unaweza kukizima kwenye ukurasa wa `App execution aliases` katika mipangilio. Tatizo la kijifaili hicho ni kwamba kinaweza kuitangulia Python halisi kwenye PATH hata baada ya kuisakinisha.

Ukitumia kisakinishi cha `.exe` kutoka python.org, kwenye dirisha la kwanza kabisa, chini, kuna kisanduku cha `Add python.exe to PATH`. Hakijatiwa tiki. Kitie tiki kabla ya kubonyeza kitu kingine chochote. Ukikisahau usifute Python: fungua kisakinishi kile kile tena, chagua `Modify`, hakikisha `pip` ina tiki, kisha kwenye ukurasa unaofuata tia tiki pa kuongeza Python kwenye vigeu vya mazingira. Halafu funga madirisha yote ya teminali na ufungue mapya, maana dirisha lililokuwa wazi linaendelea kutumia PATH ya zamani.

Mwisho wa usakinishaji huo kunaweza kutokea kitufe cha kuondoa kikomo cha urefu wa njia za mafaili. Kibonyeze. Kikomo cha kawaida cha Windows ni herufi 260, na kifurushi chenye folda ndani ya folda hukigonga upesi ikiwa mradi wako tayari umejificha ndani sana.

Kwa Windows napendelea `py` kuliko `python`:

`py -m pip install requests`

`py` huzijua Python zote zilizosajiliwa kwenye kompyuta. `py -0p` hukuonyesha orodha yake na mahali kila moja ilipo. Ukitaka ya toleo fulani, andika `py -3.12 -m pip`. Njia hii pia hukuepusha na ujumbe wa `Fatal error in launcher`. Ujumbe huo hutokea pale `pip.exe` inapoitafuta Python mahali isipokuwepo tena, kwa mfano baada ya folda kuhamishwa au kubadilishwa jina.

Na usijaribu kuiboresha pip kwa `pip install --upgrade pip`. Windows haikubali faili la `.exe` lifutwe likiwa linaendeshwa, na hapo pip inajaribu kujifuta yenyewe. Kwa `py -m pip install --upgrade pip` anayeendeshwa ni Python, hivyo `pip.exe` iko huru kubadilishwa.

Kosa la `Could not find a version that satisfies the requirement` linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu watu husoma kwamba kifurushi hakipo duniani, wakati wanauona ukurasa wake kwa macho yao kwenye PyPI, ghala la mtandaoni ambako pip huchukua vifurushi. Kama jina umeliandika sawa, pip inakuambia haikupata faili linalofaa kwa Python *yako*. Vifurushi vizito husambazwa kama mafaili ya `.whl` yaliyokwisha kukompailiwa (kugeuzwa kuwa msimbo wa mashine), kila faili likiwa limetengenezewa toleo fulani la Python, mfumo endeshi fulani na aina fulani ya prosesa. TensorFlow, kwa mfano, haitoi chochote kwa Python ya biti 32. Endesha hii:

`py -c "import struct; print(struct.calcsize('P')*8)"`

Ikijibu 32, ondoa Python hiyo uweke ya biti 64. Ikijibu 64, tazama toleo: Python iliyotoka juzi mara nyingi hukosa mafaili ya `.whl` ya vifurushi vikubwa kwa miezi kadhaa. Kwa kazi ya kila siku, kubaki toleo moja nyuma ya lililo jipya kabisa ni uamuzi wa busara. Kifurushi kikiwa na msimbo chanzo tu, pip itajaribu kuukompaili, na Windows isiyo na kompaila itakujibu `Microsoft Visual C++ 14.0 or greater is required`. Kabla ya kupakua gigabaiti za zana za Microsoft, jaribu kwanza toleo la Python lenye `.whl` tayari.

macOS

Apple iliondoa Python 2.7 kwenye macOS 12.3, mwaka 2022. Kilichobaki ni `/usr/bin/python3`, inayokuja na zana za waandishi programu ukiendesha `xcode-select --install`. Ipo kwa mahitaji ya zana hizo, na kwa miaka kadhaa imebaki kwenye 3.9. Iache. Weka Python yako kutoka python.org au kwa Homebrew, zana ya kusakinisha programu kwenye Mac (`brew install python`), na uchague njia moja tu, kwa sababu ukichanganya zote utarudi kulekule kwa vifurushi vilivyoshukia kwa jirani. `which -a python3` hukuonyesha zote kwa mpangilio wa PATH. Kwenye Mac za prosesa za Apple, Homebrew iko `/opt/homebrew`. Kwenye za Intel iko `/usr/local`.

Aliyetumia kisakinishi cha python.org huenda akaona pip inapakua vizuri, ila programu yake mwenyewe inafeli kwa `CERTIFICATE_VERIFY_FAILED`. pip hubeba vyeti vyake vya kuthibitisha tovuti, lakini Python hiyo haina vyake mpaka uendeshe `Install Certificates.command` iliyomo kwenye folda ya Python ndani ya Applications. Ni kazi ya kubofya mara mbili.

Linux

Ugomvi wangu mkubwa na miongozo ya mtandaoni uko hapa.

Debian na Ubuntu huigawa Python vipande. `python3` ipo tangu mwanzo, lakini pip na zana ya mazingira pepe huwekwa kando:

`sudo apt install python3-pip python3-venv`

Ukisahau `python3-venv`, kutengeneza mazingira pepe kutakatika na ujumbe kwamba `ensurepip is not available`. Kwa Fedora ni `sudo dnf install python3-pip`, kwa Arch ni `sudo pacman -S python-pip`, kwa Alpine ni `apk add py3-pip`.

Sasa, kwa nini `sudo pip install` ni hatari? Kwenye Debian, vifurushi vya apt (zana ya mfumo ya kusakinisha programu) hukaa `/usr/lib/python3/dist-packages`. pip ikiendeshwa kwa `sudo` hupeleka vyake `/usr/local/lib`, na Python huangalia huko kwanza. Zana nyingi za mfumo zimeandikwa kwa Python na zinategemea matoleo yale yale ambayo apt iliyajaribu. Ukileta toleo jipya la maktaba moja kwa ajili ya mradi wako mdogo, umeibadilisha pia kwa kila zana ya mfumo inayoitumia, na apt haina habari. Mwaka 2018, pip 10 ilipotoka, watu wengi waliiboresha pip ya mfumo kwa pip yenyewe. Hati ya `/usr/bin/pip` ya Debian ilibaki ya zamani, ikatafuta `main` mahali ilipokuwa imeshahamishwa, na kila amri ikaishia `ImportError: cannot import name 'main'`.

Ndiyo maana PEP 668, pendekezo rasmi la kuiboresha Python, ilikuja, na pip 23.0 ikaanza kuiheshimu. Usambazaji, yaani Linux fulani kama Debian, unaweka faili liitwalo `EXTERNALLY-MANAGED` ndani ya folda ya Python, na pip ikiliona hukataa: `error: externally-managed-environment`. Debian 12 na Ubuntu 23.04 zilianza nalo, na Homebrew ikafuata. Wengi huliona kama kero na kukimbilia `--break-system-packages`, au kulifuta faili lenyewe. Tafadhali usifanye hivyo kwenye kompyuta unayoitegemea. Chaguo hilo limepewa jina la kutisha kwa makusudi. Jibu lake sahihi ni amri mbili:

`python3 -m venv .venv`

`source .venv/bin/activate`

Kwenye Windows, amri ya pili ni `.venv\Scripts\activate`. PowerShell ikikataa kuendesha hati, toa ruhusa mara moja kwa `Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned`. Ndani ya mazingira hayo hakuna `sudo`, hakuna kinachogusa mfumo, na ukiharibu unafuta folda na kuanza upya. Ila usiihamishe wala kuibadilisha jina folda yenyewe: hati zilizomo ndani zimeandikwa njia kamili ya mahali zilipozaliwa. Vivyo hivyo, Homebrew ikiondoa Python ya zamani, `.venv` inabaki na kiungo kisichoelekea popote. Futa, tengeneza nyingine, sakinisha tena kutoka `requirements.txt`, faili la orodha ya vifurushi vya mradi.

Kwa zana unazozitumia kila mahali, kama `black` au `yt-dlp`, tumia `pipx`: huipa kila zana mazingira yake bila wewe kuyasimamia. Anayetumia `uv`, zana nyingine ya kusimamia vifurushi, ajue kwamba mazingira inayoyatengeneza kwa kawaida hayana pip ndani, hivyo `No module named pip` hapo si hitilafu.

Alpine ina tabia yake. Inatumia maktaba ya msingi ya musl badala ya glibc ya Linux nyingine nyingi, kwa hiyo mafaili ya `.whl` yenye jina la `manylinux` hayaingii. Tangu 2021 kuna ya `musllinux`, lakini si kila kifurushi hutoa. Kikikosa, pip hukompaili, na utahitaji `apk add build-base python3-dev`. Kwa kazi yenye vifurushi vizito vya hesabu, udogo wa Alpine haustahili gharama hiyo. Kwenye Debian, kosa la `Python.h: No such file or directory` lina dawa ile ile kwa jina jingine: `python3-dev` pamoja na `build-essential`.

Je, `get-pip.py` haina kazi?

Inayo, kwa Python iliyokuja bila pip wala `ensurepip`, kama ile ya Windows inayosambazwa ndani ya faili la zip. Kabla ya hapo jaribu `python3 -m ensurepip --upgrade`. Ukilazimika, lichukue kutoka `bootstrap.pypa.io` pekee, na kwa Python ya zamani chukua lililo kwenye folda ya toleo hilo, mfano `/pip/3.7/get-pip.py`, kwa sababu lile la jumla hukataa matoleo yaliyoachwa. Liendeshe bila `sudo`.

Kwa kompyuta isiyo na intaneti, pakua kwingine kwa `python3 -m pip download -r requirements.txt -d vifurushi`, beba folda, kisha kule sakinisha kwa `python3 -m pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt`. pip huchagua mafaili yanayofaa kompyuta inayopakua, si ile inayopelekewa. Ukipakua kwenye Linux kwa ajili ya Windows, ongeza `--platform win_amd64 --python-version 3.12 --only-binary=:all:`, ama sivyo utafika na folda ambayo hakuna hata faili moja lililokompailiwa litakaloingia.